Wavu wa Klabu ya South Fork



Mwaka 1881 samaki wapatao 1,000 walipakiwa kwenye treni kutoka Ziwa Erie, kaskazini mwa Marekani, wakapelekwa kwenye bwawa moja la milimani katika jimbo la Pennsylvania. Walisafirishwa ndani ya behewa maalumu lenye tangi la maji. Walikuwa besi, jamii ya wale walioletwa Ziwa Naivasha miaka ya 1920 kwa ajili ya walowezi waliopenda kuvua kwa ndoano. Besi ni samaki mbishi. Akinasa, hakubali kutolewa majini kirahisi, na ndiyo maana mwenye fedha yuko radhi kumlipia nauli ya treni. Sasa ukishagharamika kiasi hicho hutaki samaki wako watoroke na maji. Kwa hiyo wenye bwawa waliweka wavu wa chuma mahali pale ambapo maji ya ziada hutokea. Wavu huo ndio nitakaouzungumzia leo, pamoja na waliouweka, na watu 2,209 waliokufa chini ya bwawa lile.

Wenye bwawa walijiita Klabu ya Uvuvi na Uwindaji ya South Fork. Iliandikishwa kisheria mwezi wa Novemba 1879, na wanachama wake walikuwa matajiri wa Pittsburgh, jiji la makaa ya mawe na tanuri za chuma, jiji lililokuwa limegubikwa na moshi hata watu wakawa wanawasha taa mchana. Ilikuwa klabu ya wanachama kwelikweli. Ardhi, bwawa, jumba, boti na samaki vyote vilikuwa mali yao wenyewe kwa hisa walizonunua. Walikubaliana wasizidi 100, na kufikia mwaka 1889 walikuwa kama 60 hivi. Nikiwataja wachache mtawatambua: Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma, Henry Clay Frick, aliyekuwa ameishika biashara ya makaa ya kuyeyushia chuma, Andrew Mellon, mwenye benki, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, Philander Knox, wakili aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kisha Waziri wa Mambo ya Nje, na Robert Pitcairn, mkubwa wa Shirika la Reli la Pennsylvania upande wa Pittsburgh.

Mimi siwalaumu hata kidogo kwa kutaka kupumzika. Mtu anayeishi kwenye moshi mwaka mzima ana haki ya kwenda kuvuta hewa safi na familia yake. Walijenga jumba lenye vyumba 47 na ukumbi wa kulia chakula watu 150. Pembeni zikasimama nyumba 16 za mapumziko, za wale waliotaka faragha. Walikuwa na boti mbili za mvuke na mashua za tanga, na kijana mmoja wa familia za wanachama alipenda sana kamera. Picha alizopiga zipo hadi leo, na ndani yake wanaonekana vijana wakiwa majini, wakicheza maigizo, na nyuma yao ziwa limetulia. Waliliita Ziwa Conemaugh. Urefu wake ulizidi kilomita 3, na maji yake yalikuwa zaidi ya mita za ujazo milioni 14. Yote hayo yalizuiliwa na tuta la udongo na mawe lenye kimo cha mita 22 na urefu wa mita zaidi ya 280.

Chini ya tuta hilo lilikuwako bonde jembamba, na katika bonde hilo, takriban kilomita 23 kwenda chini, ulikuwako mji wa Johnstown. Ziwa lilikuwa juu ya mji kwa zaidi ya mita 130. Hebu mwenye kusikiliza akiwa Lushoto, au Kericho, au popote penye milima, atazame dirishani aikadirie tofauti hiyo.

Tuta hilo halikujengwa na klabu. Lilijengwa na serikali ya jimbo la Pennsylvania, kazi ikianza mwishoni mwa miaka ya 1830 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1850, ili maji yake yatumike kulisha mfereji wa usafiri wakati wa kiangazi. Lakini kabla udongo haujakauka vizuri, reli ilikwisha kufika, na mfereji ukakosa kazi. Bwawa likauzwa pamoja na mfereji kwa shirika la reli mwaka 1857, nalo likalitelekeza. Mwaka 1862 sehemu ya tuta ilibomoka. Bahati ilikuwa kwamba maji yalikuwa machache, hivyo madhara yakawa madogo. Baadaye bwawa likanunuliwa na mbunge mmoja, John Reilly, kwa dola 2,500.

Hapa naomba msikilizaji anisikilize kwa makini. Wahandisi wa serikali walikuwa wameweka chini ya tuta mabomba matano makubwa ya chuma. Kazi yake ilikuwa kupunguza maji ziwani pale inapohitajika, kwa mfano mvua zikizidi au tuta likihitaji kukarabatiwa. Reilly aliyang'oa mabomba hayo akayauza kama chuma chakavu. Kisha akaliuza bwawa kwa dola 2,000 kwa Benjamin Ruff, mwanzilishi wa klabu. Klabu ikanunua bwawa lisilo na mabomba, na haikuyarudisha. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kushusha maji ya ziwa lile kwa hiari yake. Yalibaki na njia moja tu ya kutokea.

Mafundi wa malambo kule Dodoma na Shinyanga huiita njia hiyo utoro wa maji. Ni pale pembeni mwa tuta panapoachwa chini kidogo ili maji yakijaa yapite hapo bila kulipanda tuta lenyewe. Mkulima yeyote aliyechimba lambo anajua kwamba tuta la udongo likipandwa na maji limekwisha. Maji yanachimba ukingo kutoka nyuma, mfereji unakuwa shimo, na shimo linakuwa mlango. Hivyo tuta lazima liwe juu sana kuliko utoro, na utoro lazima uwe wazi.

Klabu ilifanya kinyume kwenye yote mawili. Ruff alipoziba pengo la mwaka 1862 alitumia udongo, mawe, matawi ya miti, majani makavu na samadi. Halafu juu ya tuta palikuwa pembamba mno kwa magari ya farasi kupishana, na wanachama walikuwa wakipita hapo kwenda kwenye jumba lao. Ili kupata upana, tuta lilikatwa na kushushwa kwa karibu mita moja. Tena pale katikati, ambapo panapaswa kuwa juu kuliko penginepo pote, pakaachwa padidimie chini ya ncha zake. Juu ya utoro wakajenga daraja, na nguzo za daraja zikasimama ndani ya njia ya maji. Kati ya nguzo na nguzo ndipo walipoweka wavu wa chuma, ili besi wasitoroke.

Najua wapo watakaosema kwamba wale walikuwa watu wa zamani na hawakujua. Walijua, kwa sababu waliambiwa. Mji wa Johnstown ulikuwa na kampuni kubwa ya chuma iliyoitwa Cambria, yenye wafanyakazi wapatao 7,000, na mkuu wake, Daniel Morrell, hakuwa na raha na lile ziwa lililokuwa juu ya kichwa chake. Mwaka 1880 alimtuma mhandisi John Fulton akalikague. Fulton akarudi na taarifa iliyonyooka: hakuna mabomba ya kushushia maji, na ukarabati haukufanywa kwa uangalifu, maana tuta linavuja. Taarifa ikapelekwa klabu. Ruff akajibu kwa barua kwamba mhandisi amekosea na kwamba watu wa Johnstown hawana hatari yoyote inayotokana na shughuli za klabu. Morrell hakukata tamaa. Akaandika tena, akajitolea kwamba kampuni yake itachangia gharama za kulitengeneza tuta. Klabu ikakataa.

Mara nyingi namfikiria huyu Morrell. Alipoona barua zake hazifui dafu, alinunua hisa za klabu akawa mwanachama, ili angalau awe na jicho ndani. Ukiona mkuu wa kampuni kubwa kuliko zote mjini analazimika kununua uanachama wa klabu ya burudani ili alinde wafanyakazi wake wasizame, ujue mji huo hauna mamlaka ya kuusemea. Hapakuwa na ofisi ya jimbo yenye uwezo wa kuingia pale na kusema fungueni, tunataka kukagua. Bwawa lilikuwa mali ya watu binafsi, na mali ya mtu binafsi haikuulizwa. Morrell alifariki mwaka 1885. Ruff naye alifariki miaka miwili baadaye. Yule aliyetaka tuta litengenezwe na yule aliyekataa wote wakawa makaburini, na wavu ukabaki mahali pake.

Hapo ndipo ninapoona tatizo la klabu yenyewe. Bwawa la mtu mmoja lina mwenyewe, naye ukimfuata nyumbani kwake unamkuta. Bwawa la watu 60, ambao kila mmoja ana hisa yake na kila mmoja ana ofisi yake Pittsburgh, lina starehe ya kugawana kwa wote lakini halina mtu wa kukosa usingizi kwa ajili yake. Sidhani Carnegie aliwahi kuuliza utoro wa maji una upana gani. Mellon naye aliwalipa wahandisi kwenye biashara zake kila mwezi, na angeweza kumtuma mmoja kwa siku moja tu. Hawa walikuwa watu waliokagua kila senti viwandani kwao, lakini huku milimani walikuja kupumzika, na ukaguzi ni kazi.

Johnstown kwa upande wake ulikuwa mji wa Wajerumani, Wawelshi, Waairishi na wengine waliofuata kazi za chuma. Pamoja na vitongoji vyake ulikuwa na watu wapatao 30,000, wamebanana pale mito miwili inapokutana. Mito ilikuwa imefinywa na takataka za viwanda zilizomwagwa kingoni, hivyo karibu kila masika maji yalipanda mitaani. Na kila yalipopanda, kuna aliyesema bwawa la juu litapasuka. Halikupasuka. Mwaka uliofuata akasema mwingine, na halikupasuka. Watu wakazoea, na onyo likaanza kuchukuliwa kama mzaha wa msimu wa mvua. Siwezi kuwalaumu. Mtu hawezi kuhama nyumba yake kila mwaka kwa sababu ya tuta ambalo hana ruhusa hata ya kwenda kulitazama.

Usiku wa tarehe 30 Mei 1889 kuamkia tarehe 31 ilinyesha mvua ambayo wenyeji hawakuwahi kuiona. Sehemu nyingine zilipata zaidi ya milimita 200 kwa muda usiozidi siku moja. Saa kumi na mbili asubuhi Elias Unger, aliyekuwa akiisimamia klabu mwaka ule, alitoka nje ya nyumba yake akaona ziwa limepanda, na bado linaendelea kupanda. Pale klabuni walikuwako vibarua wa Kiitaliano waliokuwa wakichimba mitaro ya majitaka, na kijana mhandisi aliyewasimamia, John Parke. Unger akawapanga makundi mawili. Kundi moja lilipanda juu ya tuta na majembe na plau ya kukokotwa na farasi, likajaribu kuinua udongo katikati pale palipodidimia. Kundi la pili likaenda ncha ya magharibi kuchimba utoro mwingine. Kule chini ya udongo kulikuwa na mwamba, na majembe yao hayakufika mbali.

Kwenye daraja, wavu ulikuwa umeshiba. Mvua ile ilikuwa imeburuta kutoka milimani magogo, matawi, majani na takataka za kila namna, na vyote vilikuja kukwama kwenye nyuzi zile za chuma na nguzo zile za daraja. Mashahidi walisimulia baadaye kwamba watu waliokuwa wamekusanyika walimsihi Unger aung'oe wavu mapema, naye akasita kwa sababu samaki wangepotea. Alipokubali, wavu ulikuwa umekazwa na uzito wa maji na magogo, hautoki. Jamani, samaki! Nimesoma maelezo ya asubuhi ile mara nyingi, na kila mara nikifika hapo nafunga kitabu kwanza.

Parke alipanda farasi akakimbia hadi kijiji cha South Fork, kilomita tatu hivi, akaagiza simu ya maandishi ipelekwe Johnstown. Emma Ehrenfeld, karani wa simu kwenye mnara wa reli, akaipeleka kwa njia aliyoweza, maana nyaya nyingine zilikuwa zimekatika. Ujumbe ulifika mjini mchana ule, na zaidi ya mmoja. Hettie Ogle, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya simu Johnstown, mjane aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, aliupeleka mbele huku maji ya mafuriko ya kawaida yakiwa yameshaingia ofisini mwake. Alikufa siku ileile. Wengine waliosoma ujumbe walikuwa wameshasoma ujumbe wa namna hiyo miaka ya nyuma, wakaendelea na shughuli zao.

Kama saa tisa alasiri tuta likaondoka. Walioshuhudia hawakusema kwamba lilipasuka. Walisema lilisogea. Ziwa lote likateremka bondeni na kung'oa kila kitu hadi mwamba. Kijiji cha Mineral Point kilifagiliwa kikaisha. Karibu na East Conemaugh dereva wa treni ya matengenezo, John Hess, alisikia mlio ukija nyuma ya kona. Akafunga honi ya kichwa cha treni kwa kamba ili isinyamaze, akaendesha kinyumenyume kwa kasi yote kuelekea mjini. Watu waliposikia honi isiyokatika walielewa, wakakimbilia mlimani. Yeye akaruka dakika ya mwisho, akapona. Katika mlolongo mzima wa siku ile, hilo ndilo onyo lililofanya kazi sawasawa, nalo lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa na hisa popote.

Huko Woodvale hapakuwa na honi. Watu 314 walikufa, katika kitongoji chenye watu kama 1,100. Hapo ndipo maji yalipokipiga kiwanda cha nyaya cha Gautier, maboila yakalipuka, na kilomita kwa kilomita za seng'enge zikachanganyikana na maji. Baada ya saa kumi kidogo ziwa likaingia Johnstown. Wengi hawakuona maji kabisa. Waliona kilima cha mbao, paa, mabehewa, miti, farasi na seng'enge kinakuja, na mbele yake vumbi jeusi.

Victor Heiser alikuwa na miaka 16. Baba yake alimtuma zizini akawafungue farasi. Akiwa mlangoni alisikia kishindo, akageuka, akamwona baba yake kwenye dirisha la ghorofani akimpungia mkono kwa nguvu: panda juu. Akakwea juu ya paa la zizi. Kutoka pale aliiona nyumba yao ikipondwa, baba na mama wakiwa ndani. Paa likachukuliwa na maji naye juu yake, akaruka kutoka kipande hadi kipande, akanusurika. Alisomea udaktari, na sehemu kubwa ya maisha yake akaitumia kupambana na magonjwa ya kuambukiza, ukoma ukiwamo, kule Ufilipino.

Kilima kile cha vifusi kilikwenda kikagota kwenye daraja la mawe la reli, chini ya mji. Daraja halikuvunjika. Kwa hiyo vifusi vyote vikarundikana hapo, eneo la ekari zipatazo 30, vikiwa vimeshonwa na seng'enge, na ndani yake watu hai ambao hawakuweza kujitoa. Jioni vikashika moto. Wasiopungua 80 wanasemekana walikufa kwa moto ule, wakiwa wameshapona maji.

Mwanachama mmoja wa klabu aliyaona kwa macho yake. Robert Pitcairn alikuwa njiani kwa treni yake siku ile, kwa ajili ya mvua na reli zake, akazuiwa Sang Hollow, chini ya Johnstown. Akasimama pale akiwatazama watu wakipita mtoni juu ya mapaa na mbao. Simu aliyoipeleka Pittsburgh usiku ule ndiyo iliyofanya dunia ianze kujua.

Hesabu inayotajwa ni 2,209. Kati yao watoto walikuwa 396. Familia 99 zilikwisha, hakuna aliyebaki hata mmoja wa kuwalilia wengine. Zaidi ya 750 hawakutambuliwa, wakazikwa pamoja juu kilimani katika makaburi ya Grandview, kwenye mawe meupe yasiyo na majina. Mizoga na miili iliokotwa hadi mbali kabisa mtoni, mingine baada ya miaka. Clara Barton, mwanzilishi wa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani, aliwasili tarehe 5 Juni akiwa na miaka 67, akakaa pale karibu miezi mitano. Michango ilitoka kila pembe ya Marekani na nchi nyingi za nje, ikafika zaidi ya dola milioni 3.

Klabu ilituma mablanketi 1,000. Baadhi ya wanachama walitoa maelfu ya dola kila mmoja, na Carnegie baadaye aliujengea mji maktaba mpya, ambayo leo ndiyo makumbusho ya mafuriko yale. Nasema hivyo ili nitende haki. Lakini hakuna aliyesimama hadharani akasema bwawa lilikuwa letu. Jambo linaloniuma zaidi ni tarehe. Mwezi wa Juni 1889, miili ikiwa bado inafukuliwa Johnstown, Carnegie alichapisha katika gazeti la North American Review insha yake mashuhuri iitwayo Wealth. Anasema humo kwamba tajiri ni mdhamini tu wa mali yake, na kwamba anapaswa kuitumia kwa manufaa ya jamii inayomzunguka. Ni insha nzuri, na inafundishwa hadi leo. Ingefundishwa vizuri zaidi kama ukurasa wa pili ungekuwa na jina la South Fork.

Waliofiwa walikwenda mahakamani. Upande wa klabu ulitetewa na ofisi ya mawakili Knox na Reed, wote wawili wakiwa wanachama. Utetezi ulikuwa kwamba mvua ile ilikuwa kazi ya Mungu, na kwamba hakuna mwanachama aliyethibitishwa kufanya uzembe yeye binafsi. Klabu yenyewe, kama chombo cha kisheria, ilikuwa na mali kidogo mno zaidi ya jumba na bwawa lililokwisha kukauka. Hakuna kesi hata moja waliyoshinda waliofiwa dhidi yake. Vyombo vya ndani vya jumba vilinadiwa mwaka 1904.

Sheria nyingine ilikuwako, na hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi. Mwaka 1868 Bunge la Mabwana la Uingereza, likikaa kama mahakama, liliamua kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher. Mwenye kiwanda alichimba bwawa, maji yakapenya hadi machimbo ya jirani yake. Mabwana wakasema kwamba mtu anayekusanya kwenye ardhi yake kitu ambacho kikitoroka kitadhuru, anakikusanya kwa hatari yake mwenyewe. Kikitoroka, atalipa, hata kama hakufanya uzembe. Mwanafunzi yeyote wa sheria Nairobi au Dar es Salaam anaijua kesi hiyo, maana ni sehemu ya sheria tuliyorithi kutoka Uingereza. Lakini mahakama ya juu ya Pennsylvania ilikuwa imeikataa kanuni hiyo mwaka 1886, katika kesi ya kampuni ya makaa ya mawe, ikihofia kuvibana viwanda. Miaka mitatu baadaye watu wa Johnstown wakakuta mlango umefungwa. Hasira ya kushindwa kwao ilisaidia kuzifanya mahakama za majimbo mengine zianze kuikubali.

Na sisi tulio na kanuni hiyo kwenye vitabu, je, tumeitumia kabla ya maji kutoka? Tarehe 9 Mei 2018, usiku, mvua za masika zikiwa zimejaa, bwawa la shamba binafsi lilibomoka Solai, Kaunti ya Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao wanawake na watoto, katika vijiji vilivyokuwa chini yake kama Nyakinyua na Energy. Kenya wakati huo ilikuwa na sheria ya maji na ilikuwa na mamlaka ya kukagua. Tofauti na Morrell, mwanakijiji wa Solai alikuwa na ofisi ya kwenda. Kwa hiyo nawauliza wenzangu wanaoishi chini ya bwawa, liwe la shamba la maua, la mgodi, la hoteli au la serikali: mnamjua anayeshika ufunguo wa bomba la kushushia maji? Lipo bomba lenyewe? Mmewahi kuuona utoro, na uko wazi? Nendeni mkaulize kwenye mkutano wa kijiji, na mkijibiwa kwamba hamna hatari, ombeni taarifa ya mhandisi kwa maandishi.

Namalizia na wahandisi. Baada ya mafuriko, chama cha wahandisi wa Marekani kiliunda kamati ya kuchunguza. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1891, na ilisema kwamba mabadiliko ya klabu yalikuwa na kasoro, ila mvua ile ingelipanda tuta kwa vyovyote, hata kama lingeachwa kama lilivyojengwa. Maneno hayo yaliwakinga wanachama kwa miaka 125. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, tawi la Johnstown, walichapisha hesabu mpya, wakitumia vipimo vya kisasa vya bonde na mabaki ya tuta. Waligundua kwamba kulishusha tuta kulipunguza karibu nusu uwezo wa bwawa kutoa maji kwa usalama, na kwamba kama lingeachwa kwa kimo chake cha kwanza, na mabomba yake yakiwapo, lingeihimili mvua ile. Waligundua pia kwamba wajenzi wa awali walikuwa wameacha utoro wa pili, wa dharura, uliopotea pale tuta lilipokatwa ili magari ya farasi yapishane. Ulikuwa ncha ya magharibi, upande uleule ambako vibarua wa Kiitaliano walikuwa wakipambana na mwamba asubuhi ile.